Gitaa la Tumbo Nusu

Fungua mikro ya gitaa la umeme, yaani kinasa mtikisiko wa nyuzi, ile yenye koili mbili, na chini ya koili utakuta kipande bapa cha sumaku, urefu wake sentimita sita hivi. Mara nyingi sumaku hiyo ni alniko, yaani chuma kilichochanganywa na alumini, nikeli, kobalti na shaba kidogo. Katika alniko namba tano, kobalti peke yake hukaribia robo ya uzito wote. Mimi ni mkaaji wa Bel-Air, katika komini ya Kampemba hapa Lubumbashi, na siwezi kukitazama kipande hicho kwa macho ya mtu wa Tokyo au Chicago. Kobalti ni udongo wa kwetu. Hupita barabarani usiku na mchana juu ya malori yanayoelekea mpakani Kasumbalesa. Nyingine ililala miaka na miaka ndani ya mlima mweusi wa takataka za tanuru, karibu na bomba kubwa la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, hadi miaka ya 2000 ilipoingia ndipo mlima ukaanza kuchimbuliwa upya kwa ajili yake.

Kuna magitaa mengi yanayobeba sumaku hiyo. Ninalotaka kulisifu ni moja: gitaa la umeme lenye tumbo nusu, lililo wazi ubavuni na lenye gogo katikati.

Kabla yake lilikuwapo gitaa la tumbo tupu. Kampuni ya Gibson ilitoa ES-150 mwaka 1936, na mikononi mwa mpiga jazi Charlie Christian gitaa likapata kusikika kati ya matarumbeta. Lakini tumbo tupu lina ugonjwa wake. Ukiongeza sauti, spika inatikisa hewa, hewa inatikisa uso wa gitaa, uso unatikisa nyuzi, na mikro inaurudisha mtikisiko huo kwenye spika. Duara hilo likishajifunga, gitaa linapiga ukelele lenyewe na mpigaji hana la kufanya ila kupunguza sauti. Karibu na mwaka 1940 mpiga gitaa Les Paul alijaribu dawa kali: alifunga nyuzi na mikro juu ya gogo la mraba la msonobari, kisha akabandika pande mbili za gitaa la kawaida ili lifanane na gitaa. Baadaye yakaja magitaa ya mti mzima usio na uwazi, na ukelele ukaisha. Pamoja nao ikapungua ile pumzi inayofanya noti isikike kama imetoka kifuani.

Mwaka 1958, chini ya uongozi wa Ted McCarty, Gibson walileta jibu lao kwa jina la ES-335. Kwa nje lina matundu mawili yenye umbo la herufi f. Kwa ndani, gogo la mti wa mepo linatoka kwenye shingo hadi mkiani, na mikro pamoja na daraja la nyuzi vimekaa juu yake. Mabawa mawili ya pembeni yamebaki wazi. Gogo linatia uzito pale ukelele unapozaliwa, na mabawa yanaiachia sauti nafasi. Unene wote hauzidi sana sentimita nne na nusu. Sijaona katika historia ya ala za umeme suluhisho lililo rahisi kueleza na gumu kutenda kama hili.

Ugumu wake uko mahali pasipoonekana. Uso wa gitaa umebinuka, ilhali gogo limepigwa randa likanyooka. Kati ya viwili hivyo hubaki mwanya usio na kipimo kimoja: hapa mwembamba, pale mpana. Fundi huujaza kwa vipande vya mti mwepesi wa jamii ya msonobari, alivyovichonga vifuate mbinuko wa uso. Kipande kikikosea kwa unene wa karatasi, gundi haishiki vizuri, na gogo linakuwa mgeni ndani ya tumbo. Mnunuzi hatakiona kipande hicho maisha yake yote. Heshima yangu kwa ufundi huu imeanzia hapo, kwenye kazi safi inayofunikwa milele siku ileile inayomalizika.

Jambo la pili ni mbao zenyewe. Wapo wanaodharau uso wa gitaa uliotengenezwa kwa matabaka, wakisema hiyo ni plaiwudi. Uso wa ES-335 ni wa matabaka: mepo, popla, mepo, nyuzinyuzi za tabaka moja zikikatana na za jingine, vyote vikabanwa kwa gundi ndani ya kalibu yenye mbinuko. Sababu ni ya kifundi. Uso mgumu kiasi hautikisiki ovyo, kwa hiyo ukelele unachelewa. Kwetu kuna sababu nyingine. Lubumbashi ina kiangazi cha kukausha kila kitu, kuanzia Mei hadi Septemba, halafu mvua zinarudi na mlango uliokuwa ukifunga vizuri unaanza kugoma. Ubao mmoja mwembamba hupasuka katika hali hiyo. Matabaka yaliyokatana hushikana mkono, na gitaa linavuka mwaka.

Turudi kwenye mikro, kwa sababu hapo ndipo madini ya Katanga, eneo letu hili, yanapojaa. Mikro ya koili mbili ilibuniwa na Seth Lover, fundi wa Gibson, mwaka 1955. Koili moja husikia nyuzi pamoja na mngurumo wa nyaya za umeme. Ukiweka koili ya pili iliyosukwa kwa mwelekeo wa kinyume na kuipa ncha ya pili ya sumaku, mngurumo unafutana na muziki unabaki. Kila koili ina mizunguko kama 5,000 ya waya wa shaba mwembamba kuliko unywele wa wengi wetu, kama milimita 0.06. Waya huo ukivutwa kwa nguvu unakatika, ukiachwa legelege koili inapiga filimbi. Kifuniko cha mikro kwa kawaida ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Zinki tunaijua kutoka Kipushi, kilomita thelathini hivi kutoka hapa. Bati la kulehemu tunalijua kutoka Manono.

Septemba 1974, mpiga bluzi B.B. King alipanda jukwaani Kinshasa na Lucille wake, gitaa la ukoo huohuo wa tumbo nusu. Siwezi kuapa kwamba sumaku zake zilikuwa na kobalti yetu. Lakini enzi hizo sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilikuwa ikitoka katika ardhi hii. Vita vya Kolwezi, mji wetu wa migodi, vilipozuka mwaka 1978, bei ya kobalti iliruka mara kadhaa, na watengenezaji wengi wa spika wakaiacha alniko wakahamia sumaku za feriti. Risasi zilizopigwa Kolwezi zilibadilisha spika za dunia nzima. Wapiga gitaa wangapi wanalijua hilo?

Na miti? Shingo ya ES-335 ni mahogani, na ubao wa vidole ni wa jamii ya mpingo. Sisi tuna mulombwa, ule ambao Watanzania huuita mninga: mbao yake hukubali patasi na ikishakauka haichezi sana, sifa ambayo mtengeneza shingo huomba kabla ya nyingine zote. Tuna pia mukula. Katika miaka ya 2010 magogo yake mekundu yalitoka Haut-Katanga kwa malori, mengi yakienda Uchina kuwa samani. Mwaka 2019 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliuweka mukula chini ya udhibiti, na mwaka 2022 ukoo wote wa Pterocarpus wa Afrika ukafuata, mulombwa ukiwamo. Mti mwingi usioondoka kwa lori huondoka kwa moshi, ukiwa makaa ya kupikia. Shingo ya gitaa inahitaji mbao kidogo kuliko mguu wa meza, na thamani yake hushinda gunia zima la makaa.

Katika gitaa, eneo letu halianzi kutoka sifuri. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, dunia ilisikia kidole gumba kikitembeza besi huku cha shahada kikiimba juu yake. Mtindo huo wa Mwenda, wa Edouard Masengo na wa Losta Abelo unataka kila noti isikike peke yake na bado ipumue. Kwa sikio langu, hakuna gitaa la umeme linaloufaa kuliko la tumbo nusu. Kisha kuna karindula, banjo kubwa ya pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi na nyuzi nne, ambayo vijana wa Lubumbashi wameipiga hadi ikaingia kwenye diski ya kampuni ya Crammed Discs mwaka 2011. Aliyefikiri pipa tupu laweza kuwa tumbo la ala amekwisha kuvuka nusu ya safari ya mtengeneza gitaa. Mafundi wanaosuka upya koili za mota zilizoungua wapo tayari; wanachohitaji ni waya mwembamba zaidi na mkono uliotulia. Kinshasa wana Socklo, anayetengeneza magitaa kwa mikono yake, na wanamuziki wanayapiga.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa walimu wa ufundi wa shule za Cité des Jeunes na Salama: pamoja na milango na makabati, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho apewe ubao wa mulombwa uliokauka, kalibu ya kubinua matabaka, na muda wa kutosha kuchonga vile vipande visivyoonekana. Mikro isukwe na wenzake wa darasa la umeme. Na ninyi wanamuziki wa komini za Kampemba, Kenya na Katuba, gitaa hilo likitoka, lipigeni hadharani kabla hamjaagiza lingine kutoka nje.