Moja kwa Kumi na Mbili

Ukikuta njia ya mteremko mbele ya jengo la chuo, toa futi kamba upime kabla ya kusifu. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja hupanda sentimita 45, na kila sentimita ya kupanda hudai sentimita 12 za kwenda mbele. Njia hiyo basi inahitaji urefu wa mita 5.4. Ikiwa na mita mbili tu, wengi wenye kitimwendo hawataipanda bila kusukumwa, na kuishuka ni hatari.

Kipimo hicho cha 1 kwa 12 kina historia yake katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Mwaka 1948 Timothy Nugent alianza kuwahudumia wanafunzi wenye ulemavu, wengi wao wakiwa askari waliojeruhiwa vitani, katika tawi la Galesburg. Tawi lilikuwa ndani ya hospitali ya zamani ya jeshi, hivyo vitimwendo vilipita humo bila taabu. Mwaka uliofuata likafungwa. Wanafunzi walikwenda hadi Springfield, makao makuu ya jimbo, kupinga, hawakusikilizwa. Programu ikahamia kampasi kuu ya Urbana-Champaign, kwenye majengo yaliyojaa ngazi.

Ninachokiheshimu zaidi ni kwamba hapo walishughulikia safari nzima ya mwanafunzi. Milango ilijengewa njia za mteremko, kingo za barabara zikashushwa, mabasi yakafungwa vinyanyuzi vya kupandishia vitimwendo. Ukiacha kiungo kimoja cha safari hiyo, fedha ulizotumia kwingine zimepotea: darasa linalofikika halimsaidii aliyekwama kituoni.

Utafiti ulioongozwa na Nugent ukazaa kiwango cha kitaifa A117.1 mwaka 1961. Tazama kilivyouchukulia mlango. Uwazi wa kupita usipungue inchi 32, yaani takriban sentimita 81, mlango ukiwa wazi. Fundi anayenunua mlango wa sentimita 80 tayari amekosea, kwa sababu fremu na unene wa mlango wenyewe hula sehemu ya nafasi. Tena, mbele ya mlango unaofunguka kwa nje panatakiwa pawe tambarare, mita moja na nusu kwa mita moja na nusu. Anayevuta mlango akiwa kwenye mteremko anabakiwa na mkono mmoja wa kuzuia gurudumu, na kiti kitarudi nyuma. Jambo hili hulisahau hata wasanifu wazuri. Kiwango kiliwakumbuka pia wasioona, kwa herufi za kupapasa, na viziwi, kwa taa za tahadhari ya moto.

Hakikuwa sheria. Majimbo yalikichukua kwa hiari, na mwaka 1968 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya majengo ya serikali kuu.

Hata hivyo, miaka hiyo Illinois ilitaka mwanafunzi aweze kujihudumia mwenyewe. Aliyehitaji mtu wa kumvisha au kumlisha hakupokelewa, na hilo lilikuwa kosa kubwa. Mwaka 1962 Ed Roberts, aliyepooza kwa polio na kulala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua, alijiunga na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akaishi katika hospitali ya chuo. Programu ambayo yeye na wenzake waliipigania, iliyoanza mwaka 1970, iliwasaidia wanafunzi kupata wasaidizi wa kazi za mwili na mafundi wa kutengeneza vitimwendo vilivyoharibika.