Kivuli Hakigawiwi Sawasawa

Nilichora mlango kwa jioni mbili. Ulikuwa mlango wa Kizanzibari, wenye nakshi ya mnyororo kwenye fremu, maua juu na misumari ya shaba iliyopangwa safu kwa safu. Nilitumia kalamu ya wino mweusi yenye ncha nyembamba, na mistari ilinitii. Hata hivyo, mchoro ulipokamilika ulilala kwenye karatasi kama kitambaa cha meza. Nikachukua penseli, nikazungushia kivuli kila ua, kila pete ya mnyororo, kila msumari. Mlango haukupata kina. Ulivimba.

Kosa hilo nimeliona kwa wengi, hasa wapenzi wa Zentangle, mtindo ulioanzishwa Marekani na Rick Roberts na Maria Thomas. Mchoraji huchukua karatasi ya mraba yenye upande wa karibu sentimita 9, huigawa kwa mstari hafifu wa penseli, hujaza kila sehemu ruwaza za wino, kisha hurudi na penseli kuweka kivuli na kukisugua kilainike. Kifutio hakitumiki, kwa kuwa huko hakuna kinachoitwa kosa. Naupenda ukarimu huo. Umewarudishia kalamu watu walioambiwa tangu shule ya msingi kwamba hawajui kuchora.

Lakini ukifika kwenye kivuli, ukarimu huo hautoshi. Mstari wa pambo unaweza kwenda popote, kivuli hakiwezi. Kivuli ni madai: kwamba mwanga unatoka upande huu, na kwamba hiki kiko mbele ya kile. Anayeweka kivuli sawa pande zote amedai kila kitu kwa wakati mmoja, na jicho halimwamini. Kivuli chake kinakuwa ruwaza nyingine tu, ya rangi ya kijivu.

Tazama litografu ya M. C. Escher ya mwaka 1948, ile ya mikono miwili inayochorana. Viganja na vidole vimewekwa vivuli kwa subira hadi unahisi uzito wake. Mikono ya shati, kinyume chake, ni mistari mitupu iliyobaki bapa kwenye karatasi. Escher hakushindwa kuikamilisha. Ubapa wa shati ndio unaovinyanyua vidole. Angeweka kivuli kila mahali kwa kipimo kimoja, tungebaki na mikono iliyochorwa vizuri na mshangao usingekuwepo.

Wapo watakaonikumbusha Aubrey Beardsley, aliyeichorea tamthilia ya Oscar Wilde, *Salome*, katika toleo la Kiingereza la 1894. Michoro yake haitegemei kivuli: ni weusi mzito, weupe mtupu na mistari myembamba, nayo haichoshi kuitazama. Ni kweli, na sidai kwamba kila pambo lazima liwe na kina. Ila Beardsley naye alichagua. Aliacha maeneo mapana bila hata nukta, ili pale alipojaza madoido jicho lijue kwamba limefika. Anayejaza karatasi yote hana pa kumpeleka mtazamaji.

Kinachotuzuia kuchagua, nadhani, ni huruma kwa jasho letu wenyewe. Ua lililokula saa nzima hutaki lizame gizani. Unataka lionekane lote, pamoja na jirani yake, na jirani wa jirani yake.

Nilichora mlango ule upya. Safari hii niliamua kwamba jua linatoka kushoto, juu. Kulia kwa kila umbo nikasonganisha mistari myembamba ya wino, na chini ya kizingiti cha juu nikaikatanisha hadi maua matatu yakabaki dalili tu. Iliniuma. Nikakumbuka kwamba fundi wa mlango halisi alilichonga kila ua hadi mwisho kwa patasi, ilhali kila siku, jua likienda upande, sehemu ya kazi yake humezwa na kivuli. Hakuacha kuchonga kwa sababu hiyo, wala hakujaribu kulizuia jua.

Mlango wangu wa pili una maua machache yanayoonekana. Lakini nikiutazama, mkono unataka kuusukuma.