Maji na Mnong'ono: Tamthilia ya "Kinjeketile" Ikisomwa Gulwe

Baadhi ya wanafunzi wetu wa theolojia waliisoma tamthilia ya Ebrahim Hussein, "Kinjeketile", iliyochapishwa mwaka 1969, walipokuwa shule ya sekondari. Huikumbuka kama kazi ya kisiasa: umoja wa makabila, ukatili wa Mjerumani, ushujaa. Hayo yamo, na wahakiki wamekwisha kuyaeleza. Swali langu ni la mchungaji zaidi kuliko la mwalimu wa fasihi. Je, tamthilia hii inatuonyesha kweli jinsi watu wanaopendana wanavyoambukizana imani isiyo ya kweli? Naona inatuonyesha nusu yake.

Nusu hiyo imeandikwa kwa ustadi mkubwa. Kinjeketile anatoka majini na habari ya dawa ya kushinda risasi. Baadaye yeye mwenyewe anaingiwa na shaka, anataka vita vingoje, navyo havingoji. Aliyoyatangaza yamekwisha kuwa mali ya wengine. Hata akiwa mfungwa, rafiki yake Kitunda akimsihi akiri kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa, asije akawafanya watoto wa kesho waone kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Sijasoma popote uchungu wa nabii aliyepoteza hakika ukielezwa vizuri hivi.

Lakini Hussein anaizalisha imani hiyo mbele ya umati. Ametuonya katika dibaji kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa, kwa hiyo hatuna haki ya kumlaumu kwa kubadili historia. Twaweza, hata hivyo, kupima kilichopotea. Wazee wa Umatumbi waliohojiwa na watafiti mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuwa na neno la jinsi habari ya Ngarambe ilivyosafiri: njwiywila, yaani mazungumzo ya siri. Mtu alimnong'oneza anayemwamini, naye akamnong'oneza wa kwake. Kinjikitile Ngwale wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na inasimuliwa kwamba alisema dawa yake imekwisha kufika Kilosa na Mahenge. Tarehe 30 Agosti maelfu waliliendea boma la Mahenge, wakafyekwa kwa bombomu. Vita viliendelea hadi mwaka 1907. Waliokufa walidaiwa kuwa wamevunja miiko. Waliosadiki hawakuwa wajinga: walikuwa wamechoshwa na pamba ya kulazimishwa na viboko, na aliyewaletea habari ya dawa alikuwa ndugu au shemeji.

Madaktari wawili wa Ufaransa, Lasègue na Falret, waliandika mwaka 1877 juu ya wazimu unaoshikwa na watu wawili. Walieleza kwamba hutokea pale watu wanapoishi pamoja muda mrefu, mbali na wengine, na jambo lenyewe likawa linasadikika na kugusa hofu na matumaini yao. Waliona inafaa kuwatenganisha. Maji ya Ngarambe hayakuwa wazimu, wala sitaki nisomwe hivyo. Njia tu ndiyo iliyofanana. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 13, haiishii kwa nabii na mwota ndoto: inaendelea kumtaja ndugu, mwana, mke na rafiki wa moyoni, anayeshawishi kwa siri. (Adhabu iliyoamriwa pale nawaachia wenzangu wanaofundisha Agano la Kale.)

Sikuisoma sura hiyo vizuri nilipokuwa mchungaji kijana nikiwahudumia waumini wachache wa Gulwe, kijiji cha reli wilayani Mpwapwa. Ilikuwa mwaka 2011, wakati marehemu Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa letu, alipokuwa akiwanywesha watu kikombe huko Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Nia yake siihukumu. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa wengine walifia njiani, na wako walioacha dawa za hospitali. Nilihubiri Jumapili tatu mfululizo juu ya manabii, nikajiona nimetimiza wajibu.

Katika nyumba moja mama alikuwa na kisukari. Naandika haya kwa ruhusa ya mumewe. Dada yake mkubwa, aliyemlea, alikuja na habari ya kikombe; mume akauza mbuzi; mama akaenda, akarudi, akaacha dawa. Sukari ilipopanda, dada alisema imani imepungua. Mume akalirudia neno hilo, na mwishowe mgonjwa mwenyewe akawa ndiye anayelisema. Tulimzika kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata. Baadaye mzee yule aliniambia, bila hasira, "Mchungaji, wewe ulisemea kanisani. Dada alikuja akakaa jikoni."

Hussein alikuwa nayo njia ya kufika jikoni. Bibi Kinjeketile na Bibi Kitunda wamo katika tamthilia, wanazungumza juu ya dhiki ya nyumbani, nasi tunakaribia kulisikia lililokosekana. Kisha umati unaingia na sauti zao zinafifia. Niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kuliandika onyesho hilo lililorukwa: wanawake wawili, chungu mekoni, na mmoja anamweleza mwenzake jambo aliloahidi kutomwambia mtu. Wengi walileta hotuba. Mmoja aliandika kimya kirefu, kisha Bibi Kitunda anauliza, "Na wewe mwenzangu, umekunywa?"