Jinsi Pikipiki Isiyotakiwa Nyumbani Ilivyonunuliwa

Kijana anayetaka pikipiki iliyotumika huku wazazi wake hawataki ana kesi mbili, moja ya gereji na nyingine ya sebuleni. Wengi huikimbia ya sebuleni. Wananunua kimya kimya, chombo kinalazwa kwa rafiki, na nyumbani wanakuja kujua siku simu inapopigwa kutoka hospitali. Mpwa wangu, fundi wa ving'amuzi na kamera za ulinzi hapa Dar es Salaam, alianza na ya sebuleni, na naamini ndiyo maana ya gereji ikamwendea vizuri. Nilikuwa karibu na ununuzi ule hadi kadi ya usajili ilipobadilishwa jina, kwa hiyo naweza kueleza nini kilifanyika na kwa nini.

Tuanze na pingamizi lenyewe. Dada yangu alisema pikipiki haitaingia ndani ya uzio wake. Shemeji, fundi mitambo mstaafu wa reli, aliuliza swali moja tu: "Nani atalala naye Muhimbili?" Hakuna mkazi wa Dar asiyelielewa swali hilo, maana wodi za Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili hazikosi majeruhi wa pikipiki. Ukisikiliza kwa haraka utadhani wazazi wote wawili wanasema neno moja. Kijana alikaa nao, akasikiliza zaidi ya kujibu, akagundua kwamba mambo yako matatu. Mama anaogopa ajali. Mzee anaogopa deni, kwa kuwa ameshuhudia vijana wa mtaani wakichukua mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu, na kunyang'anywa hata jiko la gesi. La tatu walikuwa nalo wote wawili bila kulitamka: kwamba mtoto waliyemsomesha VETA ataanza kuitwa bodaboda.

Kila hofu ilihitaji jibu lake. Mtu anayeogopa ajali humtulizi kwa hesabu ya nauli.

La deni lilikuwa jepesi. Kazi nyingi za kijana ziko Goba, Madale, Bunju na Kibamba. Daladala inamfikisha barabara kuu, kutoka pale anapanda bodaboda na begi lake la vifaa, halafu anarudia hivyo hivyo kwenda kwa mteja wa pili. Alianza kuandika kila nauli kwenye daftari. Siku yenye kazi mbili, nauli ilikuwa inakula kati ya shilingi 9,000 na 12,000. Mzee alilisoma daftari kurasa zote, akauliza mtaji unatoka wapi. Akaambiwa ni akiba pamoja na zamu yake kwenye mchezo wa kuchangiana fedha, hakuna mkopo hata wa shilingi mia. Suala hilo halikuguswa tena.

La jina lilijibiwa kwa rangi ya namba, na hapa ndipo sebule ilipoanza kuisaidia gereji. Pikipiki zetu za watu binafsi na za biashara zina namba zinazoanza na MC, lakini ya mtu binafsi hufungwa kibao cha njano na ya biashara kibao cheupe. Kijana aliahidi ya njano tu, na kwamba hatapakia abiria wa kulipa. Kwa ahadi hiyo alikuwa ameshajifungia nje ya sehemu kubwa ya soko la pikipiki zilizotumika, yaani bodaboda zilizostaafu. Marafiki zake walimcheka, kwa sababu huko ndiko kwenye bei ya chini. Mimi nasema alipona.

Sababu yenyewe inafaa kuelezwa kwa kirefu. Bodaboda huendeshwa kwa njia mbili. Kuna ya mkataba, ambapo dereva anapeleka fedha kwa mwenye chombo kwa muda waliokubaliana, na mwisho wa mkataba pikipiki inakuwa yake. Kuna ya hesabu, ambapo anapeleka fedha kila siku na chombo kinabaki cha tajiri milele. Dereva wa mkataba anabadilisha oili kwa wakati kwa sababu anajibadilishia mwenyewe. Dereva wa hesabu hana anachokitunza: oili inaongezwa badala ya kumwagwa, breki zinakazwa hadi nyuzi ziishe, na injini inazunguka toka alfajiri hadi usiku, muda mwingi ikiwa gia ndogo kwenye foleni. Chombo cha namna hiyo kikioshwa, kikapakwa rangi na kufungwa siti mpya, kinang'aa kuliko cha mwalimu aliyekitumia kwenda shuleni na kurudi. Tena zile za mkataba nazo zina dosari yake. Mara nyingi kadi hubaki kwa jina la tajiri wa kwanza, dereva akamuuzia mwenzake kwa maneno, naye akauza tena, na wewe mnunuzi wa nne unaanza kumtafuta mtu ambaye pengine alishahamia Kahama.

Bado kibao cha njano peke yake si ushahidi, maana chombo kinaweza kubadilishiwa matumizi. Kuna mahali ambapo muuzaji husahau kusafisha: vikanyagio vya abiria. Pikipiki ya mtu mmoja ina vikanyagio vya nyuma vyenye mpira mzima, mistari yake inaonekana, wakati vya mbele vimelika. Ukikuta vya nyuma vimelika kuliko vya mbele, au vimebaki chuma, chombo hicho kimebeba watu kwa miaka, kibao kiwe na rangi yoyote. Kandamiza pia siti kwa nyuma: shokapu zilizochoka zinashuka na kupanda zaidi ya mara moja kabla ya kutulia.

Hofu ya mama ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu haina jibu kamili. Kijana hakumwambia "usijali, mama". Alikwenda shule ya udereva kwanza, akapata leseni yenye daraja la pikipiki kabla hajaiona pikipiki yoyote ya kununua. Mitaani wengi hufundishana kwa nusu saa uwanjani, na kosa kubwa wanaloambukizana ni kuiogopa breki ya mbele kwa kudhani itawapindua. Unapofunga breki uzito unahamia mbele, tairi la mbele linagandamizwa chini na la nyuma linakuwa jepesi. Kwenye lami kavu, breki ya mbele ikibanwa taratibu na kuongezwa nguvu ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kusimamisha. Ya nyuma ikibanwa peke yake, tairi linateleza na chombo kinaendelea kwenda. Shule ilimtoa kwenye tabia hiyo.

Halafu helmeti. Aliinunua mpya, ya kufunika uso mzima, yenye alama ya kiwango cha ECE, kwa bei iliyomuuma. Hapa sina subira na wanaopokea helmeti ya bure inayofuatana na pikipiki iliyotumika. Kinga halisi iko kwenye povu gumu la ndani, ambalo hujikunja mara moja tu kufyonza kishindo. Helmeti iliyowahi kuanguka na kichwa ndani yake inaweza kuonekana nzima nje na isiwe na kazi tena. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kijana alimpa mama yake namba hizo bila kuzipamba. Dada yangu, mwenye akili yake, akauliza: na ile 58 iliyobaki? Hakuna aliyemjibu.

Pikipiki ya kwanza kuonwa ilikuwa Boxer BM 150, Manzese. Kibao cha njano, bei ya kuvutia. Kijana aligusa injini kabla hata ya salamu kwisha: ilikuwa ya moto. Muuzaji aliyejua mteja anakuja saa nne akaiwasha saa tatu na nusu anaficha jambo. Injini baridi ndiyo inayosema kweli, kwa sababu hapo ndipo ringi zilizolika na valvu zinazovujisha zinapoonekana kwa kiki nyingi na moshi wa bluu unaotoka mwanzoni. Akaenda kwenye namba. Ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani. Akaifuta tope kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ikatokea MD2 kama inavyotakiwa kwa Bajaj, na iliyobaki ikalingana na kadi. Ya injini haikulingana. Muuzaji akasema injini ilibadilishwa baada ya ile ya kwanza kufa. Inawezekana kabisa. Lakini kadi ingepaswa kurekebishwa wakati ule, na mzigo huo sasa ungehamia kwa mnunuzi. Wakaagana.

Ya pili ilikuwa Yamaha DT 125 iliyotoka kwenye mradi, chombo kigumu cha kupanda milima. Moshi wa bluu kwenye hiyo haukuwa hoja, kwani injini ya mipigo miwili huunguza oili pamoja na petroli. Tatizo lilikuwa namba za DFP: vyombo vya miradi ya wafadhili huingia nchini kwa msamaha wa kodi, na kuviuza kwa mnunuzi wa kawaida kunaamsha kodi iliyosamehewa. Muuzaji hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba imelipwa.

Ya tatu, TVS HLX 125 ya mwalimu wa sekondari Kibaha, ndiyo iliyonunuliwa. Siku hiyo shemeji alikwenda mwenyewe. Alisema anakwenda kuona mtoto asidanganywe. Nadhani alikwenda kutafuta kasoro ya kuvunja biashara. Kasoro alizipata. Alisimamisha chombo kwenye stendi kubwa, akanyanyua gurudumu la mbele, akalishika juu na chini akalitikisa: lilicheza, beringi zimechoka. Akavuta cheni kutoka nyuma ya spoketi kubwa. Ikanyanyuka hadi nusu ya jino likaonekana, na meno yenyewe yalikuwa yamepinda kama ndoano. Akasoma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi la nyuma, ambapo mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka: tairi lilikuwa la tangu siku chombo kinatoka dukani. Injini, iliyokuwa baridi kabisa, iliwaka kwa kiki ya pili na kutulia bila moshi.

Muuzaji alitaka 1,900,000. Mzee hakusema "punguza bwana". Alitaja seti ya cheni na spoketi, tairi, beringi na ufundi, kila kimoja na bei yake ya duka, ikafika 125,000, akanyamaza. Mwalimu, mtu wa hesabu, akakubali 1,770,000. Punguzo la hivyo halimfedheheshi muuzaji, kwa sababu analipia kitu anachokiona.

Karatasi nitazipitia haraka. Kabla ya kwenda Kibaha kijana alikuwa ameshaingiza namba ya pikipiki kwenye mfumo wa Polisi wa faini za barabarani, akakuta haidaiwi. Kosa moja la pikipiki ni shilingi 10,000 tangu bajeti ya 2021/22 ilipozishusha kutoka 30,000, ila makosa kumi yasiyolipwa ni bei ya matairi mawili. Bima aliihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Mkataba wa mauziano ulisainiwa mbele ya wakili, nakala za vitambulisho vya NIDA zikaambatanishwa, fedha zikapita benki, na maombi ya uhamisho TRA yakaanza siku hiyo hiyo, kila upande ukiwa na TIN yake. Akitokea muuzaji wa kukwambia bei imepanda kwa sababu amelipia ada ya leseni ya barabara ya mwaka, mcheke kwa adabu: ada hiyo ilifutwa mwaka 2017.

Kijana alitaka kuiendesha kurudi nyumbani. Baba yake akakataa: beringi zinacheza, na Barabara ya Morogoro ina malori. Wakakodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, pikipiki ikafungwa kamba, ikashushwa kwa fundi. Gharama ya kirikuu ndiyo iliyolalamikiwa kuliko zote, na ndiyo niliyoona imetumika vizuri kuliko zote.

Ukihesabu, mtu aliyekuwa hataki pikipiki ndiye aliyekagua gurudumu, akashusha bei na kuzuia safari ya hatari. Vijana wanaoficha hawana mkaguzi wa namna hiyo. Wana rafiki mwenye haraka ya kupanda nyuma.

Dada yangu hajabadili mawazo. Alichokubali ni iegeshwe ndani ya uzio, isipakie mtu, na saa moja jioni iwe imefika. Hilo la saa moja linamgharimu kijana kazi za jioni, ambazo ndizo zinazolipa vizuri, na ameniomba nimwombee kwa mama yake lilegezwe. Nimekataa.