Sindano na Ujirani: Juu ya Kuigana katika Sanaa ya Mikono ya Ngara na Biharamulo

Wahakiki wetu wamezoea kuutafuta utamaduni wa taifa mahali penye sauti kubwa: katika ngoma, katika ushairi, katika tamthilia, na katika vinyago vinavyosimamishwa mbele ya wageni. Sanaa isiyo na sauti, ambayo mtu huifanya akiwa ameketi jamvini baada ya jembe kuwekwa pembeni, aghalabu hupitwa kimya. Katika makala haya tunakusudia kuichunguza sanaa moja ya namna hiyo, nayo ni sanaa ya sindano kama inavyofanywa na akina mama wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Hatutaisifu kwa sababu tu ni ya jadi. Tutaitazama kama mhakiki anavyolitazama shairi: imejengwaje, inapimwaje, na inapata wapi mawazo yake.

Hilo la mwisho ndilo lenye ubishi. Wapo wasemao kwamba kazi hizi si sanaa kamili, kwa kuwa kila mmoja humwiga mwenziwe. Mama huyu akitoa ua jipya leo, kesho kutwa ua lilo hilo limechanua katika nyumba saba. Basi, huuliza wao, msanii ni nani hapo? Swali hilo si dogo. Jibu lake ndilo litakaloamua kama kijana wa sekondari atamwona mama yake kuwa msanii miongoni mwa wasanii wa nchi hii, ama mtu anayepoteza jioni zake tu.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Asiyejua hudhani kwamba kikapu cha duara chenye mfuniko, kinachotumika kupelekea nafaka na zawadi penye harusi, husukwa kama mkeka. La hasha! Hushonwa. Mshonaji hushika kitita chembamba cha nyasi, ambacho ndicho kiini, akakizungushia nyuzi za katani au za majani yaliyochanwa, na kila mzunguko akaushikiza kwa ule uliotangulia kwa kupitisha sindano. Kazi huanzia katikati ya kitako, mahali padogo kama kifungo cha shati, ikapanuka duara juu ya duara. Hapo ndipo ilipo elimu yake. Kikapu kinapotanuka, kila duara huwa kubwa kuliko lililolitangulia, na idadi ya mishono hubadilika. Mwenye kutaka meno meusi yakutane sawasawa pande zote hana budi kuyagawa tangu chini, kabla jicho la mtu mwingine halijaona umbo lolote. Akipotea hesabu kwenye kitako, aibu huonekana ukingoni. Yeyote aliyewahi kuhesabu mizani ya ubeti anajua tunasema nini.

Jirani ya kikapu iko kazi ya pili, changa kuliko hiyo: vitambaa vya kufuma na kudarizi, vinavyotandikwa juu ya viti, meza na mito. Shule za misheni zilisaidia kuieneza nchini, na baada ya Uhuru vikundi vya akina mama vikaiendeleza. Ya tatu ni kuunga vipande vya nguo vinavyobaki kwa fundi cherehani, vikafanywa matandiko, mito ya kukalia, au mfarishi wa mtoto. Kazi hizi tatu zinakutana katika mambo mawili. Mosi, mara nyingi hufanywa kwa mapenzi, katika saa za mapumziko, pasipo kuamriwa na mtu wala kungojea mnunuzi. Pili, hufunzwa kwa macho. Hakuna kitabu cha ruwaza. Kitabu ni kiti cha jirani, ni kikapu kilicholetwa harusini, ni kitambaa kilichoanikwa uani siku ya jua. Mtu hupita, husimama, huomba kushika, hugeuza upande wa nyuma ili aone fundo lilipofichwa, kisha huenda kwake akijaribu.

Je, huko ni kukosa ubunifu? Tuwakumbushe wasomaji wetu habari ya ushairi, ambao hakuna asiyeukubali kuwa sanaa. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanzishwa mwaka 1923, kurasa zake zilikuwa uwanja wa watunzi kutoka pande zote za Tanganyika. Mmoja akiuliza kwa tarbia, mwingine hujibu kwa tarbia. Akitumia vina fulani, mjibu hujifunga kwa vina vivyo hivyo, ili ushindi wake uwe wa hoja na wa ufundi. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, aliyachukua majibizano ya namna hiyo akayapandisha jukwaani katika ngonjera. Hakuna mhakiki aliyesema kwamba anayejibu ni mwizi wa bahari. Kinyume chake, twamsifu kwa kuwa aliingia katika sharti la mwenzake akatoka na neno lake mwenyewe.

Akina mama wa Ngara na Biharamulo nao hujibizana, ila jibu lao halisemwi, hushonwa. Tuchukue mfano wa meno ya pembe kali, ambayo ni umbo lipendwalo sana katika vikapu. Mama mmoja akiyaona kikapuni, akataka kuyahamishia katika kitambaa cha meza, hukutana na tatizo ambalo mwenye kikapu hakuwa nalo: duara limekuwa mraba. Kikapuni meno huzunguka bila mwisho. Kwenye kitambaa hufika pembeni yakakwama. Afanyeje? Ayakate? Ayakutanishe katika pembe yawe nyota? Aache nafasi tupu na kuweka ua? Kila jibu ni uamuzi wa kisanii, na hakuna hata moja aliloliona kwa jirani. Aliazima swali, jibu ni lake.

Lakini tusiwe wasifuji tu. Uhakiki usiotenganisha zuri na baya ni pongezi, na pongezi hazimfundishi mtu. Kuna mwiga mwema na mwiga mbaya, na vipimo vya kuwatenganisha vipo. Kipimo cha kwanza ni hesabu: mwiga mbaya huchukua umbo asichukue mgawanyo wake, nawe utayaona meno yake ya mwisho yamebanwa kama abiria wa basi la jioni. Kipimo cha pili ni matumizi: ruwaza nzito iliyofaa mfuniko wa kikapu cha harusi yaweza kukielemea kitambaa chepesi cha mto. Kipimo cha tatu ni nyongeza: baada ya kuiga, je, kuna kitu ambacho kisingekuwapo kama mama huyu asingeketi kushona? Kwa kipimo hiki tunasema wazi kwamba baadhi ya kazi zinazotengenezwa haraka kwa ajili ya wageni zimedhoofika. Rangi za dukani zimerundikwa zote kwa mara moja, nyeupe tulivu ya nyuzi imefukuzwa, na kikapu kimekuwa kidogo mno hata hakiwezi kubeba kitu. Kikapu kisichobeba chochote ni kama shairi lenye vina bila maana.

Sasa tuingie katika hoja nyingine, iliyo nzito zaidi. Husemwa mara kwa mara kwamba vikapu vya Ngara si vyetu, ni vya Rwanda na Burundi, na kwamba kuviweka katika hazina ya Tanzania ni kujivisha nguo ya kuazima. Wasemao hivyo wanaupa mpaka umri usio wake. Bugufi, iliyo sehemu ya Ngara ya leo, iliwekwa upande wa Tanganyika kwa mipaka iliyochorwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mikono ya watu wake haikungojea mchoro huo ndipo ijue kushona. Wanaisimu nao wanaviweka Kihangaza na Kishubi katika kundi moja na Kinyarwanda, Kirundi na Kiha. Kikapu ambacho Mnyarwanda hukiita agaseke kina ndugu zake pande zote za mto Kagera. Ng'ambo, katika nchi ya Gisaka, watu hupamba mbao na kuta kwa samadi ya ng'ombe iliyofinyangwa kuwa mistari ya pembe kali na kutiwa rangi, sanaa iitwayo imigongo. Na mwenye jicho ataona kwamba mistari ile na meno ya kikapu ni watu wa ukoo mmoja. Ndugu wawili wakirithi wimbo mmoja wa mama yao, hakuna mwenye haki ya kumwambia mwenziwe kwamba ameuiba.

Historia ya karibuni imelitia jambo hili uzito. Mnamo tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu waliotangazwa wakati ule kuwa wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Wengi wao walirudishwa Rwanda mwezi Desemba 1996. Ngara ilibeba mzigo mkubwa katika miaka ile: misitu ilikatwa, visima vilikauka, na hofu ikaingia. Hatusemi hayo ili tuyapambe. Twasema tu kwamba aliyepoteza nyumba na shamba bado hubaki na mikono yake na kile mikono ilichojifunza, na kwamba sanaa ya namna hii haiwezi kunyang'anywa mpakani.

Wala si hapa kwetu tu. Katika jimbo la Karnataka nchini India wako Wasiddi, wazao wa Waafrika waliopelekwa ng'ambo ya Bahari ya Hindi karne zilizopita, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi kwa vipande vya nguo kuukuu. Kikapu chetu huanzia kati kikaenda nje. Kawandi huanzia pembezoni ikazunguka kuelekea kati, na pembe zake hutiwa vipande vilivyokunjwa viitwavyo maua, kwani mfarishi usio na maua husemwa kuwa uko uchi. Huko Marekani, Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, alishona mfarishi wenye visa vya Biblia, akauuza kwa dola 5 alipobanwa na shida. Leo umehifadhiwa katika makumbusho ya taifa mjini Washington. Na wanawake wa Gee's Bend, Alabama, walioshona kwa nguo zilizochakaa za kazi huku wakitazamana na kushindana kwa upendo, walionyeshwa Houston na New York kuanzia mwaka 2002, na wahakiki wakubwa wakastaajabu. Lakini mwaka 2007 baadhi ya washonaji hao walikwenda mahakamani kudai haki zao, na shauri likamalizwa mwaka uliofuata.

Hapo ndipo tunapoona wizi wa kweli ulipo. Jirani anayeiga ua la jirani hamwibii, maana kijiji kizima chajua ua lilitoka wapi, na kesho naye ataigwa. Wizi huanza pale kazi inapoondoka kijijini bila jina la aliyeishona, ikauzwa mbali kama "kikapu cha asili", kana kwamba asili ina vidole. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilizitambua pia sanaa za jadi. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye hata jina lake halikuandikwa. Mgala muue na haki umpe.

Kwa hiyo tunawapa walimu na wanafunzi kazi tatu. Kwanza, kila shule ya wilaya hizi iwe na daftari moja la ruwaza: umbo lichorwe, jina lake kwa lugha ya nyumbani liandikwe, na mshonaji, kwa ridhaa yake, atajwe pamoja na yule aliyemfunza. Pili, mwalimu wa hisabati akifundisha mgawanyo wa duara, akilete kikapu darasani kabla ya bikari. Tatu, mwalimu wa fasihi awaulize wanafunzi wake walinganishe vitambaa viwili vya ua moja, waseme ni kipi kimejibu na ni kipi kimerudia tu. Mwanafunzi atakayeweza kulijibu swali hilo kuhusu vitambaa ataweza kulijibu kuhusu mashairi pia.

Taifa letu lenyewe liliungwa kwa vipande vya makabila zaidi ya 120, wala hakuna kipande kilichotakiwa kufuta rangi yake ili kishonwe. Tukiwadharau akina mama wa Ngara na Biharamulo kwa sababu hutazamana, tunaidharau njia ile ile tuliyoipitia sisi sote. Chanda chema huvikwa pete. Na chanda kilichoshika sindano kimengoja pete hiyo muda mrefu.