Piano Moja, Desemba Nzima

Jamani, albamu hii ilikuwa imejificha wapi? Imetoka tangu mwaka 1982 huko Marekani, mimi ndiyo kwanza naisikia, na sina subira ya kungoja mkesha wa Krismasi ndipo niisifu. Inaitwa December. Mpigaji ni George Winston, yeye na piano yake basi. Hakuna kwaya, hakuna ngoma, hakuna hata neno moja linaloimbwa.

Inafunguliwa na "Thanksgiving", na papo hapo fundi anajulikana. Winston anabonyeza nota, anaiacha ilie, inafifia, ndipo anaongeza nyingine. Utamu wenyewe uko kwenye upenyo huo! Piano nyingi za kutuliza zinazopigwa msimu huu huogopa kimya. Hukijaza mapambo na vikengele vya kompyuta mpaka sikio linachoka. Huyu hakiogopi. Alikulia zaidi Montana, jimbo lenye majira ya baridi makali, na albamu imeyabeba majira hayo: nyimbo tatu za katikati zimeunganishwa chini ya jina "Night", na ya kwanza kati yake ni "Snow", theluji. Mimi niliyezoea Krismasi ya jua kali na feni nimeihisi hiyo theluji, wallahi.

Lakini subiri ufike "Carol of the Bells". Aisee! Wimbo huu asili yake ni Ukraine. Mykola Leontovych aliuchukua kwenye wimbo wa kienyeji wa kuukaribisha mwaka mpya, akaupangia sauti za kwaya, na mhimili wake ni nota nne zinazozunguka zikirudi palepale. Watu huukimbiza. Winston anaukuza kidogo kidogo, mkono mmoja unashikilia zile nota nne, mwingine unaongeza uzito, mpaka unasahau kwamba unasikiliza vidole kumi tu. Nilipofika mwisho nilirudisha nyuma bila hata kufikiri.

Kuna Bach pia, kwenye "Joy", inayochangamka vizuri sana. Na kuna Kanon ya Pachelbel, ambayo wala si ya Krismasi, ila ninamshukuru kwa kuiingiza! Besi yake ni nota nane zilezile tangu mwanzo. Winston anazisuka upya kila zinaporudi, mara nyepesi, mara zimejaa, na hakuna duru inayofanana na iliyopita. Kama una dakika chache tu za kuijaribu albamu hii, zipeleke hapo.

Nakala zaidi ya milioni 3 zimeuzwa Marekani peke yake, na sishangai. Winston alifariki mwaka 2023, kwa hiyo kumwona jukwaani hatutamwona tena, na hilo linaniuma kweli. Albamu ipo. Tafuta spika nzuri, maana simu itakumezea zile nota za chini, na usiiweke kama muziki wa kusindikiza pilau. Kaa uisikilize.