Imani kwa Kompaila: Uhakiki wa Hotuba ya Ken Thompson

Mwaka 1984 jarida la Communications of the ACM lilichapisha hotuba ya Ken Thompson ya kupokea Tuzo ya Turing, "Reflections on Trusting Trust". Hoja yake ni fupi na nzito. Kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo chanzo kuwa msimbo wa mashine, inaweza kufunzwa kuitambua programu ya kuingilia mfumo na kupachika humo nenosiri la siri. Ikifunzwa pia kujitambua yenyewe, hila hiyo hurithishwa kila kompaila inapotafsiriwa upya, hata baada ya kufutwa katika msimbo chanzo. Mkaguzi atasoma kila mstari asione kosa: kikulacho ki nguoni mwako.

Hofu hiyo si ya kinadharia tu. Mwaka 2015 nakala zilizochezewa za Xcode, zilizosambazwa China nje ya njia rasmi, ziliunganisha msimbo haribifu katika programu za iPhone kupitia hatua ya linka, bila waundaji kujua.

Udhaifu wa hotuba umo katika hitimisho lake, kwamba mtu hawezi kuamini msimbo asioutunga wote mwenyewe. Hakuna taasisi inayoweza kutimiza sharti hilo. Hivyo msomaji huachwa kati ya imani kipofu na kukata tamaa.

Njia ya tatu ilifafanuliwa na David A. Wheeler mwaka 2005, kisha katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 2009. Msimbo chanzo wa kompaila inayoshukiwa hutafsiriwa kwanza na kompaila nyingine iliyoundwa kando. Zao lake hutumiwa kuutafsiri msimbo huohuo mara ya pili. Kisha zao la mwisho hulinganishwa, biti kwa biti, na kompaila inayoshukiwa. Hata hivyo, njia hii hudai zana zinazotoa zao lilelile kila mara. Linka inayopachika saa ya ujenzi, au inayopanga faili kwa utaratibu unaobadilika, huvuruga ulinganisho pasipo hila yoyote.

Hapa ndipo watunga sera wanapohusika. Mkataba wa ununuzi unaodai msimbo chanzo pekee hautoshi. Unapaswa kutaja pia matoleo ya kompaila na linka, maelekezo ya ujenzi, na haki ya mnunuzi kuijenga upya programu hadi nakala zilingane. Bila haki hiyo, mkaguzi hukagua matini moja, ilhali kompyuta za serikali zinaendesha nyingine.